Waliotumwa Kutazama Ugenini

Tangu kale dola zimekuwa zikipeleka wajumbe ugenini kwa ajili ya vita, amani na biashara. Katika karne ya ishirini ikazidi kuonekana safari ya namna nyingine: afisa wa serikali hutumwa nchi ya mbali ili akatazame habari za wahamiaji, watokako na wafikiako, jinsi wanavyopokelewa, wanavyofundishwa lugha na kupewa kazi, na jinsi desturi zao zinavyokaa nyumba moja na desturi za wenyeji. Afisa hurejea na daftari. Katika daftari hutoka taarifa, na katika taarifa hutoka sheria. Maelfu ya watu wasiomjua hata kwa jina huishi kwa kadiri ya yale aliyoyaona na yale aliyoshindwa kuyaona. Kwa sababu hiyo yafaa historia ya safari hizi ichunguzwe kwa makini, maana wahenga walisema tembea uone, lakini hawakusema kwamba kila atembeaye huona.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Kwa sheria ya Februari 1907 baraza la nchi hiyo liliunda tume ya watu tisa kuchungua uhamiaji, na mwenyekiti wake akawa Seneta William Dillingham wa Vermont. Katika majira ya joto ya mwaka huo huo wajumbe wa tume walivuka bahari ya Atlantiki wakazuru Ulaya. Walitazama bandari ambazo wahamiaji walipandia meli, wakaona ukaguzi wa madaktari, wakauliza habari za vijiji walikotoka watu wale na sababu zilizowatoa. Kazi ilikwisha mwaka 1911, na matunda yake yakawa majalada 41 ya taarifa, hazina ya maarifa ambayo wanahistoria wanaitumia mpaka leo.

Lakini katika hazina hiyo mlikuwa na jambo la kustaajabisha. Tume ilimwajiri Franz Boas, bingwa wa elimu ya mwanadamu, apime maumbile ya wahamiaji na watoto wao katika mji wa New York. Boas na wasaidizi wake walipima watu zaidi ya 17,000, wakaona kwamba umbo la vichwa vya watoto waliozaliwa Marekani lilitofautiana na la wazazi wao. Maana yake ilikuwa nzito: kile kilichodhaniwa kuwa alama ya milele ya taifa fulani kilikuwa kikibadilika kwa mahali na malezi. Walakini mapendekezo ya tume hayakufuata njia hiyo. Wajumbe waliwagawa wahamiaji mafungu mawili, wa zamani waliotoka kaskazini na magharibi ya Ulaya, na wapya waliotoka kusini na mashariki. Wakapendekeza wapya wapunguzwe, na njia waliyoipenda zaidi ikawa ni mtihani wa kusoma. Mtihani huo ukawa sheria mwaka 1917, juu ya pingamizi la Rais Woodrow Wilson. Mwaka 1921 ikafuata sheria ya mafungu maalumu kwa kila taifa, na mwaka 1924 mafungu hayo yakabanwa zaidi kwa kuhesabiwa kwa sensa ya mwaka 1890, wakati wageni wa kusini na mashariki walipokuwa bado wachache.

Tume ya Dillingham haikukosa macho. Ilisafiri, ikahesabu, ikapima na kuandika kuliko tume yo yote iliyoitangulia. Ilichokosa ni utayari wa kuambiwa jambo lisilopatana na nia iliyotoka nayo nyumbani. Hili ni fundisho la kwanza: wingi wa majalada si dhamana ya busara, na mtu anaweza kubeba ushahidi wa kweli mkononi huku akiandika hukumu iliyoukana.

Mfano wa pili ni wa Australia. Nchi hiyo ilikuwa imejifungia kwa sheria ya mwaka 1901 iliyokusudia kuwazuia watu wasio wazungu. Baada ya vita kuu ya pili serikali iliona kwamba watu ni haba mno kwa ardhi kubwa kiasi kile, na mwaka 1945 Arthur Calwell akawa Waziri wa kwanza wa Uhamiaji. Mwaka 1947 alisafiri Ulaya, akaziona kambi za watu waliopotezewa makwao na vita, na mwezi Julai akatia sahihi mapatano na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi. Meli ya kwanza, General Stuart Heintzelman, ilifika Fremantle mwezi Novemba mwaka huo ikiwa na watu zaidi ya 800 kutoka Estonia, Latvia na Lithuania. Waliteuliwa kwa uangalifu: vijana, wenye afya, na wenye sura ambayo wenyeji wasingeishtukia. Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao 170,000 wa kambi zile waliingia Australia kwa mpango huo, kila mtu mzima akifungwa na mkataba wa kufanya kazi aliyopangiwa kwa miaka miwili.

Safari ya Calwell ilifungua mlango, na ni haki kumsifu kwa hilo. Lakini ilikuwa safari ya mtu anayechagua mbegu, si ya mtu anayejiuliza mbegu itahitaji udongo gani. Wageni waliitwa Waaustralia wapya, wakatazamiwa kuacha lugha zao na kufanana na wenyeji upesi. Wengi walipitia kambi ya Bonegilla, iliyopokea watu zaidi ya 300,000 kati ya mwaka 1947 na 1971. Huko walifundishwa Kiingereza, na mafundisho hayo yalikuwa mwanzo wa mpango uliodumu. Lakini mwaka 1961, kazi zilipokuwa adimu, wahamiaji waliokuwa wakingoja kambini walifanya ghasia wakidai kazi waliyoahidiwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Bonegilla hawakukataa jembe. Walilalamika kwa sababu walikuwa wakilingoja bila kulipata.

Mfano wa tatu, na pengine ndio wenye mafunzo zaidi, ni wa Kanada. Mwaka 1963 Waziri Mkuu Lester Pearson aliunda Tume ya Kifalme kuhusu lugha mbili na tamaduni mbili, ikiongozwa na André Laurendeau na Davidson Dunton. Wakati huo Quebec ilikuwa ikitikisika, na taarifa ya awali ya mwaka 1965 ilionya kwamba nchi inapita katika msukosuko mkubwa kuliko wote wa historia yake, ijapokuwa wengi hawakutambua. Tume ilipewa kazi ya kutafuta usawa kati ya mataifa mawili yaliyohesabiwa kuwa waanzilishi, Waingereza na Wafaransa. Watu wa asili ya nchi, walioikalia kabla ya wote wawili, hawakuwekwa katika hesabu hiyo. Na upungufu huo umebaki doa katika kazi ambayo kwa mambo mengine ilikuwa ya uangalifu.

Tume hii ilitazama pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kwanza ulikuwa ugenini. Katika kitabu cha kwanza cha taarifa yake, kilichotoka mwaka 1967, ilipima jinsi lugha zaidi ya moja zilivyotawaliwa katika Finland, Ubelgiji, Uswisi na Afrika Kusini. Iliyowapendeza zaidi wajumbe ni Finland. Huko, kwa sheria ya mwaka 1922, mji au tarafa ilihesabiwa kuwa ya lugha mbili endapo wachache wa lugha ya pili walifikia asilimia 10 ya wakazi. Tume ikapendekeza Kanada nayo iwe na wilaya za lugha mbili kwa kipimo cha namna hiyo hiyo, na sheria ya lugha rasmi ya mwaka 1969 ikaliingiza wazo hilo.

Upande wa pili ulikuwa nyumbani. Wajumbe walizunguka majimbo wakifanya mikutano ya hadhara, na kila walipofika magharibi walikutana na watu ambao hawakuwa Waingereza wala Wafaransa: Waukraine waliolima nyika za Manitoba, Saskatchewan na Alberta, Wajerumani, Wapoland, Waitalia na wengine. Watu hao waliuliza swali jepesi kulisema na gumu kulijibu: ikiwa nchi ina tamaduni mbili, sisi tu nani? Mwezi Machi 1964 Seneta Paul Yuzyk, mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Ukraine, alilisema neno hilo katika hotuba yake ya kwanza katika Seneti, akawaita watu hao nguvu ya tatu ya taifa. Ndani ya tume yenyewe Jaroslav Rudnyckyj, mwanachuoni wa lugha, alilitetea jambo hilo. Hatimaye tume iliandika kitabu cha nne, chenye mapendekezo 16, kuhusu mchango wa makabila mengine. Na tarehe 8 Oktoba 1971 Waziri Mkuu Pierre Trudeau alitangaza bungeni siasa mpya: tamaduni nyingi ndani ya mpaka wa lugha mbili. Serikali ingeyasaidia makabila kuendeleza mila zao. Ingewasaidia watu wake kuvuka vizuizi vinavyowatenga na jamii. Ingewakutanisha watu wa mila mbalimbali. Na ingewasaidia wahamiaji kujifunza angalau moja ya lugha mbili rasmi.

Sasa na itazamwe hatima ya pande hizo mbili. Wilaya za lugha mbili, zilizochukuliwa Finland kwa elimu na hesabu nzuri, hazikuzaliwa kamwe. Katika miaka ya 1970 bodi za ushauri ziliundwa kuchora mipaka yake. Zikachora, zikabishaniwa, na hata wilaya moja haikutangazwa. Quebec haikutaka kuonekana kama wilaya ya lugha mbili wakati yenyewe ikijitahidi kukiinua Kifaransa, na mahali pengine wenyeji hawakuona sababu ya mstari mpya katika ramani. Ama siasa ya tamaduni nyingi, ambayo haikuwamo katika agizo la awali la tume na haikuletwa na safari yo yote, ilipata waziri wake mwaka 1972, ikaingia katika katiba mwaka 1982, ikafanywa sheria kamili mwaka 1988. Kilichoazimwa kilikauka; kilichosikiwa nyumbani kikaota.

Isidhaniwe kwamba kuota kwake kulikuwa bila upinzani. Robert Bourassa, Waziri Mkuu wa Quebec, alimwandikia Trudeau mwaka huo huo wa 1971 kwamba jimbo lake haliwezi kuipokea siasa ile kama ilivyo, kwa kuwa ilielekea kuwageuza Wafaransa wa Kanada kuwa kabila moja tu kati ya mengi. Quebec ikashika njia yake, na mwaka 1978 ikafanya mapatano na serikali kuu yaliyoipa sauti katika kuchagua wahamiaji wake. Kwa hiyo maafisa wa nchi nyingine waliokwenda Ottawa kujifunza habari za Kanada, kisha wakapanda ndege kurudi kwao bila kupita Quebec, walirudi na nusu ya habari.

Wanafunzi wa mapema wa Kanada walikuwa Waaustralia. Neno tamaduni nyingi, kwa maana ya siasa ya serikali, liliwafikia kutoka huko. Mwezi Agosti 1973 Al Grassby, Waziri wa Uhamiaji katika serikali ya Gough Whitlam, alitoa hotuba Melbourne kuhusu jamii ya tamaduni nyingi ya wakati ujao. Lakini lau Grassby angelibeba neno tu, lingekuwa kama joho la kuazima. Yeye alikuwa mbunge wa Riverina, ambako Waitalia wa Griffith walikuwa wakulima na majirani zake. Tena Australia haikuwa na ugomvi wa lugha mbili rasmi. Shida yake ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa shida ya mama Mgiriki asiyeweza kumweleza daktari maumivu yake, na ya mfanyakazi wa kiwandani asiyefahamu karatasi ya madai baada ya kukatwa kidole na mashine.

Kwa hiyo kile ambacho Australia ilikizalisha chini ya neno lile la Kanada hakikufanana na cha Kanada. Mwaka 1973 ilianzisha ukalimani kwa njia ya simu, kwanza katika miji ya Sydney na Melbourne: mtu aliyekuwa hospitali au polisi angeweza kupiga simu na kuletewa sauti ya mkalimani katikati ya mazungumzo. Mwaka 1975 ikatunga sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi, na mwaka huo huo vituo viwili vya redio, 2EA na 3EA, vikaanza kutangaza kwa lugha za wahamiaji. Serikali ilipobadilika, Malcolm Fraser hakuyang'oa mambo hayo. Mwaka 1977 alimteua Frank Galbally, wakili wa Melbourne, aongoze uchunguzi wa huduma za wahamiaji. Taarifa ya mwaka 1978 ilitoa mapendekezo 57, yenye gharama ya dola zipatazo milioni 50 kwa miaka mitatu: mafunzo ya lugha yazidishwe, vituo vya msaada viundwe karibu na wahamiaji, na fedha zipewe vyama vyao wenyewe badala ya kupitia kwa wafadhili wenyeji peke yao. Mwezi Oktoba 1980 televisheni ya lugha nyingi ikaanza. Huku ndiko kuazima kwenye manufaa: jina lilitoka nje, hitaji likatoka nyumbani, na kazi ikafuata hitaji.

Kipimo kikali zaidi cha siasa hizi kilitokea Afrika Mashariki. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Kiingereza waondoke Uganda, na siku tisini zikawekwa, zikiishia tarehe 8 Novemba. Serikali mbili zilipaswa kutenda upesi, na kila moja ilitenda kwa kadiri ya ilivyomfikiri mgeni. Kanada, iliyokuwa imetangaza siasa yake mpya miezi kumi tu iliyopita, iliwatuma maafisa wake Kampala wakiongozwa na Roger St. Vincent. Walifungua ofisi mapema Septemba, wakafanya kazi usiku na mchana, wakazilegeza kanuni za uchaguzi zilipokuwa kikwazo. Ndege ya kwanza iliondoka Entebbe mwishoni mwa Septemba, na muda ulipokwisha watu wapatao 6,000 walikuwa wamepata ruhusa ya kuingia Kanada. Walipokelewa katika kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, Montreal, wakapewa chakula na makoti ya baridi kabla ya kuendelea na safari zao mijini.

Uingereza ilibeba mzigo mkubwa zaidi, watu wapatao 27,000 au zaidi, nayo iliunda Bodi ya Makazi ya Uganda kuwapokea. Bodi hiyo iliigawa nchi katika maeneo mekundu, yaliyohesabiwa kuwa yamejaa, na maeneo ya kijani, yaliyohesabiwa kuwa na nafasi; ikawashauri wageni waepuke mekundu. Baraza la mji wa Leicester lilifika hata kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi Septemba, likiwasihi watu wasije kwao. Mpango ulikuwa safi katika ramani. Lakini mtu aliyepokonywa nyumba, duka na nchi hatafuti rangi ya kijani katika ramani. Hutafuta mjomba, shemeji, na mahali pa ibada. Wengi walikwenda Leicester. Na mji ule uliowakataa kwa tangazo ulikuja baadaye kujisifia biashara na sherehe zao mbele ya wageni.

Hapo ndipo panapoonekana tofauti kati ya afisa aliyetazama na afisa aliyeona. Kugawa watu kwa ramani ni kuwafikiri kama mizigo. Kutafuta walipo jamaa zao ni kuwafikiri kama watu. Maafisa wa Kampala hawakuwa na muda wa kuandika majalada 41. Walikuwa na meza, foleni, na sura za watu mbele yao, na pengine hiyo ndiyo iliyowafaa zaidi.

Nyakati zimebadilika tangu siku hizo. Katika nchi kadhaa neno tamaduni nyingi lilianza kutiliwa shaka mwishoni mwa karne ya ishirini, na mwezi Januari 2007 Australia yenyewe iliondoa neno hilo katika jina la wizara yake ya uhamiaji na kuweka uraia mahali pake. Lakini simu ya wakalimani haikukatwa. Matangazo ya lugha nyingi hayakuzimwa. Huduma zilizofungamana na hitaji la kila siku zilidumu hata jina lilipofutwa mlangoni, kwa kuwa daktari bado alitaka kumfahamu mgonjwa wake, na mwenye mamlaka ya siku ile hakuweza kuikana haja hiyo.

Wahenga waliasa: usiache mbachao kwa msala upitao. Maana ya methali hiyo si kwamba mtu asitazame msala wa mwenzake. Na autazame, aushike, auulize ulivyosukwa. Lakini apaswa kujua kwanza chumba chake kina upana gani, na ni akina nani watakaouketia. Wajumbe wa Kanada walipoitazama Finland kwa daftari walipata kipimo cha asilimia 10 kisichopata pa kukaa. Walipokaa kimya katika kumbi za Manitoba na Saskatchewan walipata siasa iliyodumu zaidi ya nusu karne. Serikali itakayotuma maafisa wake ng'ambo kesho itafanya vema kuwaagiza waulize maswali mawili kila wafikapo. La kwanza ni kwa wenzao maofisini: mlifanya nini? La pili ni kwa mhamiaji mwenyewe, mahali pa kazi au hospitalini: ulipofika hapa, nani alikusikia? Jibu la swali la kwanza hupatikana katika taarifa zilizokwisha kuchapwa, na laweza kusomwa bila nauli. Jibu la pili ndilo linalostahili safari.